Pipa la Jengo Namba 107

Mimi ndiye ninayeliosha pipa la mabaki
la jengo namba mia moja na saba, hapa Daejeon,
kila alfajiri, kwa mpira wa maji na brashi kuukuu.
Ni pipa lenye mizani tumboni.
Unaligusa kwa kadi, linafumbua mdomo,
unamwaga, linapima, linatamka:
gramu mia sita, nyumba mia tatu na moja.
Mwisho wa mwezi bili inapanda na lifti.

Miaka kumi na moja nawasoma watu kwa wanachokitupa.
Mwalimu Pyo wa ghorofa ya nne, wali usioguswa,
tangu mkewe ahamie kwa binti yao.
Vijana wa ghorofa ya sita: kuku, kuku, kuku,
mchuzi mtamu umeganda kama gundi.
Na wote, bila ubaguzi, hutupa cha pili.

Maana duka la ng'ambo ya barabara
halijui kuuza kitu kimoja.
Nunua figili, beba nyingine bure.
Paketi mbili za maziwa zimefungwa utepe mmoja
kama mateka.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga;
hiki cha pili kinajitembeza,
kinakufuata hadi nyumbani,
kinajikunyata ndani ya jokofu, kinaota ndevu,
kisha kinaniangukia mimi.

Bi Maeng Sun-rye wa mia tisa na mbili
alikuwa wa gramu mia sita. Sikuhitaji daftari.
Majani yalipoanza kupukutika, akashuka: mia nne.
Mia mbili na hamsini.
Novemba, gramu arubaini, maganda ya kitunguu saumu.
Kisha siku tatu, kimya.

Nilipanda na ndoo bado mkononi.
Mtu wa miaka sabini na minane, anaishi peke yake:
unajua unachokifikiria.
Nikabisha. Nikabisha tena.
Akafungua, kavaa aproni, kakasirika.
"Unabisha kama mdai."

Roshani yake ilijaa majani ya figili
yaliyoning'inizwa kwenye kamba ya nguo
katikati ya soksi na taulo,
makavu, yakinong'ona kama karatasi.
Figili zenyewe zililala sakafuni juu ya gazeti:
moja ina miguu miwili, moja imepinda kama kiwiko.
Za mpwa wake wa Geumsan,
aliyerudishiwa gunia zima na duka
kwa kosa la kutonyooka.

"Daktari kasema kisukari," akaniambia.
"Nikachukua chupa ya mchuzi, nikavaa miwani miwili.
Herufi ndogo kuliko chawa!
Sukari mstari wa kwanza,
sukari mstari wa tatu, imebadili jina.
Nikapiga hesabu. Ninalipa kukinunua,
ninalipa kukitupa,
na hapo katikati ninalipa dawa."

Akaniwekea bakuli: supu ya soya iliyochacha
na majani yale yale niliyoyazoa miaka yote kwa koleo.
Mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Sisi tulikuwa tukitupa mti,
jongoo tukabaki naye.

Sikuongoka siku ile, nisidanganye.
Jumamosi nilinunua tambi za kikombe, ya pili bure,
nikazila zote mbili nimesimama.

Lakini kesho yake, kabla ya saa kumi na moja,
lori lilirudi nyuma nyuma hadi mlango wa uani wa duka.
Nilizima maji nitazame.
Mikate ndani ya nailoni zake. Tofu ya tarehe ya jana.
Matofaa, nadhani kwa sababu ya doa moja.
Mapipa saba ya kijivu, moja baada ya jingine,
na mimi na brashi yangu nikingoja yatamke:
gramu ngapi, nyumba ya nani.

Hakuna lililosema kitu.
Lori likaondoka, likiacha alama ya maziwa barabarani.

Nikageuka kuliosha la kwetu.
Lilikuwa jepesi kidogo,
au nilitaka liwe.
Mfukoni mwa koti, figili yenye miguu miwili
ilinigonga ubavuni kila nilipoinama.